Tess Hakuponzwa na Mapenzi

Ndugu Mhariri alinionya nisiandike nikiwa na hasira. Nimengoja miezi mitatu, na hasira haikupoa. Basi naandika nayo, nikitaraji kwamba itanitumikia badala ya kunitawala.

Kisa ni hiki. Kwa muda wa miaka sita nimekuwa nikiitia katika Kiswahili riwaya ya Thomas Hardy, Tess of the d'Urbervilles, iliyotoka London mwaka 1891. Kazi hiyo nimeifanya usiku, baada ya kazi nyingine inayonilisha, nikisaidiwa na kamusi ya Johnson ya 1939 iliyokwisha kukatika mgongo. Sikusoma chuo chochote, na Kiingereza changu nimekiokota kitabuni, neno kwa neno, kama mtu aokotaye kombe ufukweni. Muswada ulipokamilika niliupeleka kwa mchapishaji ambaye sitamtaja. Akaupenda. Baada ya muda akaniletea mfano wa jalada. Palichorwa msichana anayelia, ameinamisha kichwa, na chini ya jina la kitabu paliandikwa: "Kisa cha msichana mjinga aliyeponzwa na mapenzi."

Nikauliza yako wapi maneno ambayo Hardy mwenyewe aliyaweka mahali hapo, maneno ambayo nimeyatafsiri "Mwanamke Safi". Nikajibiwa kwa upole kwamba wazazi na walimu hawatayaelewa. Itakuwaje mwanamke aliyezaa nje ya ndoa, kisha akaua, kisha akanyongwa, aitwe safi?

Jioni ile nilikwenda barazani kwetu nikaisimulia habari hiyo, nikidhani watunzi wenzangu watakuwa upande wangu. Maalim mmoja wa fasihi, mtu ninayemheshimu na ambaye tumekula naye chumvi miaka mingi, akanyanyua kikombe chake cha kahawa akasema: "Lakini bwana, si ndivyo kilivyo kitabu chenyewe? Msichana haijui dunia, kapenda, kaponzeka. Hata kwetu wako." Wengine wakaitikia. Ndipo nilipotambua kwamba ugomvi wangu si na mchapishaji peke yake. Sentensi ile ya jaladani ilikuwa vinywani mwetu kabla ya kufika mtamboni.

Sentensi hiyo ina maneno matatu yanayobeba hukumu: mjinga, kuponzwa, na mapenzi. Nadai kwamba yote matatu ni ya uongo, na nitayashughulikia moja baada ya jingine, nikianzia na la mwisho.

Je, Tess alimpenda nani? Alec d'Urberville hakumpenda hata siku moja, na Hardy hakuliacha jambo hili lining'inie. Tess Durbeyfield ni mtoto wa mchuuzi maskini wa kijiji cha Marlott. Kasisi mmoja mpenda nasaba alimnong'oneza baba yake kwamba yeye ni mzao wa ukoo mkubwa wa d'Urberville, na baba, kama ilivyo desturi ya watu waliofilisika wakabakiwa na jina, akalewa kwa furaha. Usiku ule ilipasa mizinga ya nyuki ipelekwe sokoni. Baba hakuweza kusimama. Akaenda Tess, wa miaka kama 16 hivi, pamoja na mdogo wake Abraham. Njiani usingizi ukamchukua, gari la posta likaja kasi gizani, na mti wake ukamchoma kifuani farasi wao, Prince, akafa. Farasi yule ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba. Msichana akajiona muuaji, na kwa sababu hiyo tu alikubali kwenda Trantridge kwa watu wanaodhaniwa kuwa jamaa, kuomba msaada. Mguu wake wa kwanza kuelekea kwa Alec ulisukumwa na deni. Hapakuwa na mahaba hapo. Na tuongeze kwamba jamaa hao hawakuwa jamaa kamwe: ni watu wa jina la Stoke waliotajirika, wakajipachika jina la kale ili wapate kuonekana wakubwa.

Baada ya mambo ya msituni, na baada ya majuma machache ya kuduwaa, Tess aliamka alfajiri, akabeba kapu lake mwenyewe, akatoka. Alec akamfuata kwa kigari cha farasi. Akambembeleza, akamwahidi mavazi na matunzo. Tess akamwambia kwamba hajapata kumpenda wala hadhani ataweza. Na kwamba pengine kusema uongo juu ya jambo hilo kungemfaa sasa kuliko wakati mwingine wowote, lakini heshima ndogo iliyombakia inamkataza. Nawauliza wanaobaraza wenzangu: huyu ndiye aliyelevywa na mapenzi? Mtu anayekataa kutamka neno moja la uongo ambalo lingempatia nyumba na chakula?

Angel Clare alimpenda, naam, na akampenda kwa moyo wote, huko Talbothays kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Lakini tazameni mapenzi hayo yalimtendea nini na yasiyo mapenzi yalimtendea nini. Tess alitaka kusema siri yake kabla ya ndoa. Aliiandika barua, akaisukuma chini ya mlango wa Angel, nayo ikapita chini ya zulia isionekane. Usiku wa harusi, mbele ya moto, Angel akatangulia kuungama: aliwahi kukaa saa 48 za upotovu London na mwanamke asiyemjua. Tess akamsamehe papo hapo, akafurahi hata, kwa kuwa aliona sasa wako sawa. Kisha akasimulia yake. Na yule mtu msomi, aliyejitenga na dini ya baba yake kwa sababu aliiona finyu, akamwambia kwa maana kwamba mwanamke aliyempenda siye huyu aliye mbele yake. Siku chache baadaye akamwacha, akaondoka kwenda Brazil. Na kabla ya kuondoka akamwalika msichana mwingine wa zizini, Izz Huett, afuatane naye, kisha akaghairi.

Wala mizani hizi mbili hazikuwa za Angel peke yake. Zilikuwa zimeandikwa katika sheria ya Uingereza. Kwa sheria ya talaka ya 1857 mume aliweza kumwacha mkewe kwa kuthibitisha zinaa tu, ilhali mke ilimpasa athibitishe zinaa pamoja na kosa jingine, kama vile ukatili au kutelekezwa. Hali hiyo ilidumu hadi 1923. Angel aliyebeba saa zake 48 alikuwa muungwana mbele ya hakimu. Tess asingekuwa chochote. Basi tuseme kweli: penzi ndilo lililomfanya Tess aungame. Kilichomwangamiza ni hukumu ya mtu asiyekubali kupimwa kwa kipimo alichopimia. Hardy aliiita sehemu ya tano ya riwaya yake kwa jina linalosema waziwazi kwamba mlipaji ni mwanamke. Hakusema kwamba mapenzi ndiyo yanayodai.

Sasa neno mjinga. Neno hili linaniuma zaidi, kwani mimi mwenyewe nimeitwa hivyo na watu wenye vyeti. Tess alifika darasa la sita katika shule ya kijiji, akafundishwa na mwalimu aliyesomea London, na alitamani awe mwalimu. Alisema lugha mbili: ya kijijini nyumbani, na Kiingereza cha shuleni mbele ya wageni. Sisi watu wa visiwani twajua maana ya kuwa na ulimi wa nyumbani na ulimi wa ofisini. Twajua ni akili gani inayohitajika kuvuka kutoka huu kwenda ule bila ya kujikwaa. Katika nyumba nzima ya Durbeyfield yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba kudai udugu kwa matajiri ni aibu. Wazazi wake hawakuona.

Alichokosa Tess ni habari. Na kuna ukurasa mmoja ambao ningependa usomwe katika kila shule ya sekondari kabla ya kuchapishwa sentensi nyingine ya kipumbavu jaladani. Tess amerudi nyumbani. Mama yake anamlaumu kwa nini hakumshika Alec mpaka amwoe. Ndipo mtoto anapopasuka. Anamwuliza mamaye kwa nini hakumwambia kwamba kwa wanaume kuna hatari. Kwa nini hakumwonya. Wanawake wakubwa, anasema, wanajua la kujikinga nalo kwa sababu husoma riwaya zinazowaeleza hila hizo. Yeye hakupata nafasi ya kujifunza kwa njia hiyo, na mama hakumsaidia. Nilipofika hapo niliiweka kalamu chini usiku mzima. Riwaya inalia, ndani ya riwaya, kwamba msichana maskini hakupewa riwaya! Nasi tunataka kuichukua kazi hiyo, tuigeuze kitabu cha kumsimanga yule yule aliyenyimwa.

Mtasema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Naijua methali hiyo, na nimeisikia ikisomwa juu ya vichwa vya wasichana wengi. Lakini isikilizeni vyema. Kosa analolitaja mwenye methali ni la aliyepasa kufunza. Adhabu inampata aliyepasa kufunzwa. Ni kwa jinsi gani sisi huitumia kila mara kumcharaza mtoto na kumsamehe mzazi? Joan Durbeyfield hakuwa hajui. Alikuwa na kitabu cha ramli, akikitazama kutafuta bahati ya binti yake, na jioni akikitoa kwenda kukiweka bandani kwa sababu alikiogopa kisilale naye nyumbani. Siku ya safari alimwosha mwanawe nywele, akamfunga utepe, akamvika kanzu nyeupe ili aonekane mkubwa kuliko umri wake. Na alipokwisha kumpandisha kigarini, akamwambia mumewe kwamba kijana yule asipomwoa kabla, atamwoa baada. Aliijua hatari. Akaifanyia biashara.

Msomaji wa pwani atanijibu kwamba kwetu si hivyo, kwetu tuna Mwana Kupona. Nami Mwana Kupona namweka juu ya kichwa. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, aliketi akamtungia binti yake utendi wa kumwusia dini, adabu, kuwaonea huruma maskini, na namna ya kukaa na mume. Ni mama aliyefanya lile ambalo mama wa Tess hakulifanya: alisema. Lakini utendi ule ni wosia kwa binti atakayekuwa mke nyumbani mwake. Haukutungwa kwa ajili ya msichana wa miaka 16 anayepelekwa kwenye nyumba ya tajiri kutunza kuku, ambaye mwana wa nyumba ndiye atakayemrudisha kwao usiku wa ukungu. Wosia huo wa pili ulihitaji kutungwa, na nani kati yetu ameutunga? Watunzi wa kiume tumemwaga wino tukiwalilia wapenzi waliotuacha. Hatukupata beti kumi za kumwambia mtoto jinsi ya kumtambua Alec.

Nafika kwenye kuponzwa, na hapa naomba subira, kwani nitasema sarufi. Lugha yetu ina kauli ya kutendwa, ambayo hudai mtenda: kupigwa na fulani, kuibiwa na fulani. Ina pia kauli ya kutendeka, isiyodai mtu: kikombe kimevunjika, nguo imechanika. Kikombe chaweza kuvunjika kwa upepo. Sasa sikilizeni tunavyosema juu ya wasichana: kaharibika, kapotea, kaponzeka, kaingia mimba. Katika maneno yote hayo hamna mtu wa pili. Msichana ameharibika kama maziwa yaliyoachwa juani. Na pale tunapolazimika kutaja mtenda, tunamtaja asiyeweza kushitakiwa: kaponzwa na mapenzi, kaponzwa na tamaa, kaponzwa na ujana. Mapenzi hayana anwani. Polisi hawawezi kwenda kuyabishia hodi.

Nasema haya nikijihukumu nami. Nilipoitafsiri mara ya kwanza sura ya msitu wa The Chase, niliandika kwamba usiku ule Tess "aliharibika". Binti yangu, ambaye hunisomea rasimu, aliweka kidole juu ya neno hilo, akaniuliza maneno mawili: "Na nani?" Sikuwa na jawabu. Nilitaka kumwambia kwamba hata Hardy ameificha. Na kweli ameificha: ukungu umetanda, msichana amechoka amelala juu ya majani makavu, Alec amerudi kutoka kutafuta njia, ameinama anasikiliza pumzi zake, kisha mwandishi anageuza uso, anauliza alikuwa wapi malaika wa kumlinda. Katika toleo la kitabu la 1891 Alec alimnywesha kitu kutoka chupa ya mwuza dawa. Matoleo ya baadaye chupa hiyo iliondolewa. Wataalamu wamebishana kwa vizazi kama lile lilikuwa tendo la nguvu au la kurubuniwa. Lakini mwandishi aliacha alama. Aliacha usingizi, na aliyelala hakubali wala hakatai. Na baadaye, kwenye shamba la mavuno, aliacha mwanamke mmoja aseme kwamba mwaka uliopita watu walisikia kilio cha kwikwi usiku katika msitu ule, na kwamba mambo yangekuwa mazito kwa mtu fulani lau wangetokea watu. Nilirudi mezani. Neno "aliharibika" nikalifuta, na nikaanza sentensi upya kwa jina la Alec.

Hata na Hardy mwenyewe nina ugomvi kidogo, nami siufichi. Mara nyingi mno anaipa bahati kazi ambayo ni ya watu: barua chini ya zulia, jogoo anayewika alasiri, na mwishoni kabisa miungu iliyomaliza mchezo wake na msichana. Hiyo nayo ni kauli ya kutendeka, imevikwa joho la Kigiriki. Lakini riwaya yake ni ya kweli kuliko falsafa yake. Baba anapokufa, familia inatupwa nje, na Hardy hawasingizii miungu. Anaeleza wazi kwamba haki ya kukaa katika nyumba ile ilifungamanishwa na uhai wa watu watatu, na John Durbeyfield alikuwa wa tatu; alipokata roho, nyumba ikarudi kwa mwenyewe. Tess alikwisha kufanya kazi ya kung'oa mizizi kwenye udongo wa baridi huko Flintcomb-Ash. Alisimama kutwa juu ya mashine ya kupura ngano mpaka mikono ikafa ganzi. Kwa ajili ya nafsi yake hakurudi kwa Alec. Alirudi kwa ajili ya mama na wadogo zake waliolala na vyombo vyao kando ya ukuta wa kanisa la Kingsbere, juu ya makaburi ya mababu wenye nasaba. Hayo nayo tuyaite mapenzi?

Kuna hoja moja ya Maalim ambayo haikustahili kupuuzwa, nami sikuipuuza. Alisema kwamba wasichana wetu wanahitaji kuonywa, na kitabu chenye onyo jaladani kitawafaa kuliko chenye sifa. Ningekubali kama lile lingekuwa onyo. Onyo humwambia mtu atazame wapi. "Usipende" halimwambii kitu, kwa sababu Tess hakupenda, na yakamfika. Mwataka onyo? Basi wafundisheni wasichana mwenendo wa Alec, kwani Hardy ameueleza hatua kwa hatua kama mtu anayechora ramani ya miamba. Alimlisha matunda kwa mkono wake siku ya kwanza. Alimwendesha farasi kasi mteremkoni ili ashikwe na hofu amkamate kiunoni, kisha akataka busu kama malipo ya kupunguza mwendo. Alimpa kazi nyumbani kwa mama yake, ili riziki yake iwe mkononi mwake. Alimpelekea baba yake farasi mpya na wadogo zake vitu vya kuchezea, na akamtajia habari hiyo msituni, wakati uleule, ili shukrani imfunge kinywa. Alitokea kama mwokozi wakati wanawake walevi walipotaka kumpiga, akampakia farasini, kisha akapoteza njia. Kila hatua ina jina, na kila hatua ina mtenda. Msichana aliyeisoma ramani hiyo ameonywa. Aliyesoma tu kwamba mapenzi huponza amefundishwa kuuogopa moyo wake na kutomwogopa Alec.

Nirudi kwenye "Mwanamke Safi". Mchapishaji wangu asidhani kwamba yeye ni wa kwanza kushikwa na haya. Kampuni ya Tillotson iliyokuwa imekubaliana na Hardy ilijitoa ilipoona kurasa za mwanzo. Majarida mawili, Murray's na Macmillan's, yakakataa. Gazeti la The Graphic lilikubali mwaka 1891 kuitoa kwa mfululizo, lakini kwa sharti la kukatwa: tukio la msituni likaondolewa na mahali pake pakawekwa ndoa ya uongo, na ubatizo wa mtoto ukaenda kuchapishwa mbali, katika jarida jingine. Hata pale ambapo Angel huwabeba mikononi wasichana wanne kuwavusha maji yaliyofurika njiani, iliamuliwa awasukume kwa toroli. Wasomaji wa heshima waliweza kuvumilia kunyongwa kwa msichana. Hawakuweza kuvumilia abebwe. Na Hardy alisema baadaye kwamba yale maneno ya chini ya jina aliyaongeza mwishoni kabisa, baada ya kupitia prufu, na ndiyo yaliyobishiwa kuliko yote.

Kuhusu neno lenyewe nimehangaika. "Bikira" ni uongo, na "mtakatifu" ni kufuru kwa wengine na dhihaka kwa wengine. "Mwema" ni baridi. Nilichagua "safi" kwa sababu kwetu neno hilo lina kazi nyingi: maji safi, nguo safi, moyo safi, mali safi. Nguo safi yaweza kutupiwa tope na mpita njia, ikafuliwa, ikawa safi. Na hakuna mwenye akili anayeilaumu nguo. Tess aliyembatiza mtoto wake mwenyewe usiku, kwa bakuli la maji, wadogo zake wakiwa wamepiga magoti, kwa kuwa kichanga kilikuwa kinakufa na baba hakuruhusu kasisi aingie. Tess aliyemzika pembeni mwa makaburi kwenye magugu, akaweka maua katika kopo la jemu: kama huyo si safi, basi neno hilo tuliondoe kamusini.

Siandiki kwamba kisu alichomchoma nacho Alec kilikuwa halali. Aliua, na alijua malipo yake. Walipomkuta alfajiri amelala juu ya jiwe huko Stonehenge, alisema yuko tayari. Hardy akiwa kijana wa miaka 16 alimwona mwanamke, Martha Brown, akinyongwa Dorchester mwaka 1856 kwa kumwua mumewe, na hakuisahau picha hiyo mpaka uzeeni. Aliandika akijua kamba ni nini. Ninachokataa ni kwamba tumhukumu msichana mara mbili: mara moja kwa kisu, na mara ya pili kwa usingizi.

Mtaniuliza, kwa nini fujo yote hii kwa ajili ya msichana wa kubuni, Mwingereza, wa karne ya 19? Kwa sababu maneno husafiri kutoka jaladani hadi sheriani. Hapa Zanzibar sheria ya 1985 ilimtishia kifungo cha jela mwanamke asiye na mume aliyeshika mimba, na jela hiyo haikuondolewa mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2005. Tanzania Bara, msichana aliyepata mimba alifungiwa mlango wa shule ya serikali mpaka Novemba 2021, serikali iliporuhusu arudi darasani. Waliokaa nje miaka yote hiyo waliitwa walioharibika. Nimewajua wawili katika mtaa wangu. Mmoja alikuwa wa kwanza darasani. Katika kila kisa tulijua jina la msichana, na katika kila kisa sarufi yetu ilimfichia mtu wa pili.

Mchapishaji amenipa hadi mwisho wa mwezi niamue. Nimekwisha kuamua. Muswada umo kabatini, umefungwa katika kanga ya marehemu mama yangu, na utabaki humo mpaka jalada lirudi na maneno mawili ya Hardy. Maalim wangu, na yeyote aliyeitikia jioni ile, anakaribishwa Ijumaa ijayo baada ya Isha. Nitaisoma sura ya Tess na mama yake kwa sauti, kahawa ni juu yangu. Waje na binti zao. Waje na vijana wao wa kiume pia, kwani sura ile ya msituni, tangu nilipoianza upya kwa jina la Alec, inawahusu wao zaidi.